Kikomo cha Maji Ras Kitau

Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Ukisimama pale, mlango wa bandari ya Lamu uko mbele ya miguu yako. Ng'ambo unauona mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa mwaka 1829, na baada ya nyumba za mwisho unaanza mchanga, kilima baada ya kilima, ukifuata ufuo. Chombo kitokacho bahari kuu kuingia Lamu hupita hapa katikati. Nahodha aliyekipitisha, awe wa mtepe, wa jahazi au wa meli ya mvuke, alikuwa na namba kichwani: saa ya maji kujaa, pima zitakazobaki chini ya mkuku, siku zilizosalia mpaka bamvua.

Namba hizo zina historia, na ni historia ndefu. Wapo walioziweka moyoni, wapo walioziandika kwa vidole vya mkono, wapo walioziandika kwa futi na mita, na mwisho zikaingia katika kompyuta, ambako zilikutana na namba nyingine za ukoo wao: vikomo ambavyo kila lugha ya programu inapaswa kuvitaja katika kitabu chake cha mwongozo. Nitaanza na siku ambayo watu walikufa kwa sababu ya kikomo.

Karibu mwaka 1812 majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliteremka Shela kuja kuitiisha Lamu. Lamu wakati huo ilikuwa na kiongozi wake Zahidi Mngumi, mtu wa siasa na mshairi, na mji ulikuwa umejiandaa. Walipokutana mchangani, watu wa Lamu waliwasukuma wageni mpaka ufukweni. Wageni wakakimbilia vyombo vyao. Maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimelala juu ya mchanga mkavu, havisukumiki. Waliuawa pale pale, kando ya mbao za majahazi waliyotegemea yawarudishe kwao. Kwa vizazi vingi baadaye mifupa yao iliendelea kufichuka kila upepo ulipohamisha mchanga wa Shela.

Yaliyofuata yanajulikana. Lamu, ikiogopa kisasi cha Mombasa, ilimwomba Sayyid Said bin Sultan wa Oman aje kuilinda. Liwali akaletwa, na ngome kubwa iliyoko katikati ya mji ikakamilika karibu mwaka 1821. Miaka kumi na sita baadaye, 1837, Wamazrui nao waliangushwa Mombasa. Pwani yote ikageuza uso kuelekea Unguja na Maskati. Wanahistoria wanaeleza mageuzi haya kwa biashara, kwa bunduki na kwa fitina za koo, na ni kweli. Lakini siku ile ya Shela iliamuliwa pia na maji.

Tazama hesabu yenyewe. Maji yakishajaa, huchukua kama saa sita na dakika 12 kufikia ukomo wa kupwa. Hayashuki kwa mwendo mmoja. Kanuni ya mabaharia ni kuligawa shuko lote mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya Lamu hupanda na kushuka karibu mita 3. Basi katika saa ya tatu na ya nne maji hupungua sentimita 75 kila saa. Jahazi uliloliacha likielea katika maji ya kiunoni litakuwa limekaa mchangani baada ya saa moja na kitu. Siamini hata kidogo kwamba watu wa Pate na Mombasa hawakuyajua haya. Walikuwa watu wa bahari, wana wa watu wa bahari. Walijua, ila vita havikwenda kwa saa waliyoipanga, na kikomo hakingoji.

Kuna namba nyingine ambayo kila mvuvi wa pwani hii anayo bila kuandikiwa. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne. Baada ya hapo huchelewa kama dakika 50 kila siku mpaka mzunguko urudi. Mwezi ni mmoja kwa dunia nzima, lakini saa hiyo ni ya bandari: ya London si ya Mombasa, wala ya Bombay si ya Lamu. Vitabu vya zamani vya mabaharia wa Ulaya viliichapa kando ya jina la kila bandari, safu moja ndefu ya majina na saa. Huko ndiko kulikoanzia desturi ya kutenganisha namba za mbinguni, ambazo hazina mwenyewe, na namba za mahali, ambazo lazima zipimwe na mtu aliyefika.

Kabla ya safu hizo za Ulaya kulikuwa na rahmani, vitabu vya manahodha wa Bahari ya Hindi. Aliyesifika kuliko wote katika uandishi huo ni Ahmad ibn Majid wa Julfar, mji uliokuwa karibu na Ras al-Khaimah ya leo, ambaye kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, kilikamilika mwaka 1490. Kipimo chake ni isba, yaani kidole. Duara zima la mbingu lina isba 224, hivyo isba moja ni karibu digrii moja na dakika 36. Nahodha alinyoosha mkono akiwa ameshika kibao kilichofungwa uzi, akaipima nyota ya jaa imepanda vidole vingapi juu ya upeo wa bahari, na kwa idadi hiyo akajua yuko kaskazini kiasi gani. Safari ilipimwa kwa zamu za saa tatu tatu, nane kwa siku nzima.

Ninachokipenda zaidi katika elimu hii ni ukweli wake kuhusu mahali inapoishia. Ukija kusini, jaa hushuka kidole kwa kidole mpaka iguse maji, na ukifika Lamu, digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta, haikufai tena. Ibn Majid hakumwacha msomaji wake hapo. Jaa ikikaribia kuisha, unahamia Farqadani, zile nyota mbili za Dubu Mdogo. Nazo zikiisha, unahamia Naashi, nyota za Dubu Mkubwa. Kila kipimo kina kikomo, na kitabu kinataja kikomo hicho na kinachokirithi. Nimesoma miongozo mingi ya karne hii isiyofanya hivyo.

Waswahili walikuwa pia na hesabu yao ya mwaka wa jua, inayoanza Nairuzi: siku 365 zilizogawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Kwa miongo hiyo manahodha na wakulima walijua lini kaskazi itatua, lini kusi itaanza, lini bahari ifungwe. Hesabu ni nyepesi kukumbuka, lakini haina siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo hupotea siku moja kila miaka minne. Wazee walilijua kosa hilo, wakawa wanalirekebisha kwa macho, kwa kutazama upepo na nyota.

Kisha ikaja bildi ya Waingereza. Kapteni William Fitzwilliam Owen alipewa meli mbili, Leven na Barracouta, na kati ya mwaka 1821 na 1826 alipima pwani ya Afrika sehemu baada ya sehemu. Februari 1824 alikuwa Mombasa, ambako Wamazrui, wakimwogopa Sayyid Said, walimwomba awape bendera ya Uingereza, naye akakubali kabla hata serikali yake haijaulizwa. Homa iliwaua mabaharia wake wengi mno. Ramani zilizotoka katika kazi ile zilitumiwa na vizazi vilivyofuata.

Kazi ya bildi ni ya mikono. Kipande cha risasi kimefungwa kamba yenye alama za pima, na chini yake kuna tundu lililopakwa shahamu ili lirudi na mchanga au matope ya sakafu ya bahari. Mtu husimama ubavuni mwa mashua, hutupa, huvuta, hupaza sauti, na mwenzake huandika. Pima ya Mswahili ni urefu wa mikono iliyonyooshwa, ncha hadi ncha. Ya Mwingereza ilifungwa kuwa futi sita kamili, sawa na mita 1.8288. Ni neno moja la mwili wa mtu, ila moja limekazwa na sheria.

Hata hivyo namba inayosikika kutoka ubavuni mwa mashua siyo inayochapwa. Kina kilichopimwa maji yakiwa nusu kujaa ni kirefu kuliko kitakachokuwepo saa nne ya bamvua. Kwa hiyo mpimaji hutoa kimo cha maji cha saa ile, na kubakiza kina ambacho kingekuwepo maji yakiwa yameshuka kabisa. Huko chini ndiko ilipo sifuri ya ramani. Ukiona 3 imeandikwa katika mlango wa bandari, usidhani ni kina cha leo mchana. Ni kina cha saa mbaya. Karibu kila siku ya mwaka utakuta maji mengi zaidi, na hilo ndilo lililokusudiwa: namba imeegemea upande wa usalama, na nahodha mgeni anaweza kuingia akiwa ameiamini. Baadaye shirika la kimataifa la wapima bahari lilipendekeza sifuri hiyo iwe kimo cha chini kabisa ambacho mwezi na jua vinaweza kukileta katika hali ya kawaida ya hewa. Kukipata kwa hesabu lazima utabiri maji ya karibu miaka 19, kwa kuwa njia ya mwezi huchukua miaka 18.6 kurudia mtikiso wake.

Nani angeweza kutabiri miaka 19 kwa kalamu? Hapa wanaingia William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, na wenzake. Tangu miaka ya 1860 waliona kwamba kupwa na kujaa ni mawimbi mengi mepesi yaliyopandana, kila moja na mwendo wake usiobadilika. Kubwa kuliko yote katika pwani yetu ni la mwezi, linaloandikwa M2, ambalo huenda digrii 28.9841042 kwa saa. La jua, S2, huenda digrii 30 kamili. Toa moja katika jingine, gawanya 360 kwa tofauti hiyo, na utapata saa 354 na ushei, yaani siku 14 na robo tatu. Huo ndio muda kati ya bamvua na bamvua, uliokuwa vinywani mwa wavuvi wa Shela kabla Kelvin hajazaliwa.

Mwendo wa mawimbi hayo ni mmoja duniani kote. Kinachobadilika kwa bandari ni mambo mawili: kila wimbi lina urefu gani pale, na linachelewa kiasi gani nyuma ya mwezi au jua. Hayo mawili, wimbi kwa wimbi, huitwa namba thabiti za bandari. Ukiwa nazo, unaweza kutabiri maji ya Lamu ya mwaka wowote ukiwa umeketi Liverpool. Mashine ya kwanza ya Kelvin, ya miaka ya 1872 na 1873, ilijumlisha mawimbi 10 kwa magurudumu na kamba moja iliyopita juu na chini ya roda. Mwaka 1879 ilijengwa nyingine kwa ajili ya bandari za India, ikiwa na mawimbi 20. Ya mwaka 1950, iliyobuniwa na Arthur Doodson wa Liverpool, ilifika 42. Doodson huyo huyo alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1921 kwamba mbinguni kuna mawimbi zaidi ya 380 yanayoweza kutajwa kwa jina. Kikomo cha mashine kilikuwa cha shaba: idadi ya magurudumu yanayoenea katika fremu.

Kompyuta ziliondoa kikomo cha shaba, zikaleta kingine kisichoonekana. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, ndiyo iliyokuwa lugha ya wanasayansi wa bahari kwa muda mrefu. Mwongozo wa kuchambua na kutabiri maji ulioandikwa na Mike Foreman huko Kanada mwaka 1977, pamoja na programu zake za FORTRAN, ulitumika duniani kote. Lakini programu moja haikutoa jibu moja katika kila mashine. Kompyuta za CDC zilihifadhi namba katika biti 60, PDP-10 katika 36, IBM 360 katika 32 na kwa kuhesabu kwa kumi na sita badala ya mbili. Lugha ilisema "hii ni namba yenye nukta". Haikusema tarakimu ngapi zingesalimika.

Msomaji asifikiri hilo ni jambo dogo. Chukua ule mwendo wa mwezi, 28.9841042, uuingize katika mashine inayoshika tarakimu sita tu. Inabaki 28.9841. Kilichoanguka ni sehemu nne na kidogo katika sehemu milioni za digrii moja, kitu kisichoonekana. Ila saa za karne moja ni 876,600. Zidisha, na baada ya miaka 100 umekosea digrii 3.7, sawa na dakika saba na nusu za maji. Katika saa ya tatu ya bamvua, dakika hizo ni karibu sentimita 9 na nusu za kina. Au chukua programu inayohesabu saa kwa namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Ukianza kuhesabu tarehe 1 Januari 1995, hesabu itafurika mwishoni mwa Septemba 1998, wakati mzunguko wa miaka 18.6 haujafika hata robo.

Waandishi wa programu walifanya nini? Mwanzo walifanya kama manahodha wasio na ramani. Katika maabara ya Bell, Phyllis Fox, A. D. Hall na N. L. Schryer walitayarisha maktaba iitwayo PORT, na mwaka 1978 wakachapisha mpango wake. Ndani yake kulikuwa na vipengele vitatu vidogo, I1MACH, R1MACH na D1MACH, vilivyojibu maswali ya namna hii: namba kubwa kabisa ya mashine hii ni ipi, ndogo kabisa ni ipi, na hatua kati ya 1 na namba inayoifuata ni kiasi gani. Majibu yalikuwa yameandikwa humo kwa ajili ya kila mashine iliyojulikana, lakini yote yamezimwa kwa herufi C mwanzoni mwa mstari, ambayo katika FORTRAN humaanisha maelezo tu. Aliyeinunua maktaba alitafuta jina la kompyuta yake, akafuta zile C, na namba zikawa hai. Ile safu ya bandari na saa za maji imerudi, ila mahali pa bandari sasa ni mashine.

Wengine wakachukua bildi. W. J. Cody aliandika MACHAR, iliyochapishwa mwaka 1988, programu isiyouliza mtengenezaji chochote. Huongeza kipande kidogo kwa 1, kisha kidogo zaidi, na zaidi, mpaka mashine isione tofauti. Hapo inajua imegusa chini. Steven Pemberton wa Amsterdam naye aliandika enquire, iliyopima mashine kwa namna hiyo na kisha kuandika yenyewe faili za vikomo ambazo lugha ya C inazihitaji. Kwa miaka kadhaa kompaila ya GCC ilisafiri nayo ili ipime kila mahali inaposhuka.

Lakini kupima ni kujua kilichopo leo katika mashine hii. Kuahidi ni kitu kingine, na ahadi ilikuja na kiwango cha C cha mwaka 1989. Toleo la pili la kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, la 1988, linaiweka katika kiambatisho B, kurasa mbili tu za safu za majina na namba. INT_MAX ni 32767. FLT_DIG ni 6. DBL_EPSILON ni sehemu moja ya bilioni. Kijana anayejifunza huzitazama na kushangaa, kwa maana kompyuta iliyo mbele yake inafika zaidi ya bilioni mbili, na desimali zake ni sahihi mara milioni kadhaa kuliko ilivyoandikwa. Kitabu hakijakosea. Zile ni namba za saa mbaya: kila kompaila inayojiita ya C lazima ifike angalau hapo, na inaruhusiwa kuzidi. Aliyeandika programu yake ndani ya namba hizo anaweza kuipeleka bandari yoyote. Ni sifuri ya ramani, neno kwa neno, na nadhani ndiyo kurasa mbili zenye heshima kubwa kwa msomaji kuliko zote za kitabu kile.

Kuna kitu katika safu ile kinachostahili kutazamwa kwa makini. Kikomo cha chini, INT_MIN, kimeandikwa -32767, si -32768 ambayo mashine nyingi zilikuwa nayo. Sababu ni kwamba baadhi ya kompyuta za zamani ziliandika hasi kwa kugeuza kila biti, hivyo zilikuwa na sifuri mbili, ya chanya na ya hasi, na namba moja ikapotea. Kamati haikutaka kuahidi namba ambayo baadhi ya mashine hazina. Ahadi hiyo ilidumu miaka 35. Kiwango kipya cha C, kilichochapishwa mwaka 2024, ndicho kilichoondoa mitindo mingine ya hasi na kukifikisha kikomo kwenye -32768.

Upande wa namba zenye nukta, vurugu iliisha mapema zaidi. William Kahan wa Berkeley na wenzake walisukuma kiwango kimoja kinachoitwa IEEE 754, kikapitishwa mwaka 1985, na mwaka 1989 Kahan alipewa tuzo ya Turing. Tangu hapo mwendo wa mwezi unahifadhiwa kwa tarakimu 15 au 16 katika karibu kila kompyuta, na programu ya maji iliyoandikwa Kanada hutoa Mombasa jibu lile lile.

Lakini kikomo kikiandikwa bila kusomwa hakimlindi mtu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilipaa kwa mara ya kwanza. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4. Namba moja ya mwendo wa upande, ambayo katika roketi ya zamani haikuwahi kuzidi 32,767, ilizidi katika hii mpya iliyo na nguvu zaidi. Ilipolazimishwa kuingia biti 16 ilifurika, mitambo ya uelekezaji ikazima, na chini ya dakika moja roketi ikawa vipande. Chombo kilikuwa kipya, na maji yalihesabiwa kwa chombo cha zamani.

Lamu yenyewe ilipata kipimo chake cha kudumu mwaka 1995. Mombasa ilikuwa imetangulia mwaka 1986. Vituo hivi viwili viko chini ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, na takwimu zake hukusanywa pia na kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Kila saa kuna namba moja, kimo cha maji kwa milimita. Tarehe 26 Desemba 2004, wimbi la tsunami lililotoka Sumatra liliifikia pwani ya Kenya. Lilikuwa limechoka kwa safari, na maji yalikuwa chini lilipofika, lakini mtu mmoja alipoteza maisha Watamu.

Chombo cha kupima huharibika, umeme hukatika, chumvi hula nyaya, na saa nyingine hazina namba. Utaandika nini hapo? Ukiandika 0, umesema maji yalikuwa kwenye sifuri. Faili za zamani za Hawaii ziliandika 9999. Asiyesoma maelezo akaiacha ndani ya hesabu yake atapata maji ya Lamu yaliyopanda karibu mita 10, yaani ya kufunika nyumba za ufukweni Shela. Faili za siku hizi zinaandika -32767. Msomaji ameshakutana nayo: ni kikomo cha chini cha kile kiambatisho B. Namba iliyochaguliwa zamani kwa huruma ya mashine zenye sifuri mbili sasa ndiyo alama ya saa ambayo bahari ya Lamu haikupimwa.

Upande wa pili wa Manda, katika ghuba, bandari mpya ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na mfereji wake umechimbwa mpaka mita 17.5. Meli zinazoingia kule hazihitaji kuulizia bamvua. Mashua za Pate, Siyu na Faza bado zinayajua maji kwa saa. Katika Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa miaka mingi asiyengoja maji alikaa matopeni mpaka yarudi.

Kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo zilizofichwa ndani ya mitambo ambayo hakuna aifunguaye, huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, katika namba ya biti 32 ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo ni tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Lamu. Itakuwa siku mbili kabla ya mwezi mpevu, na katika mlango wa Ras Kitau maji yatakuwa yanapwa.